Juu ya Majina ya Nondo wa Milimani

Mwaka 1775 kilipigwa chapa mjini Vienna, katika nchi ya Austria, kitabu cha kuwapanga vipepeo na nondo wa pande zile. Waandishi wake hawakuweka majina yao kwenye ukurasa wa kwanza. Walisema tu kwamba kitabu kimetolewa na walimu kadhaa wa shule ya Theresianum. Hata hivyo walijulikana. Walikuwa wawili, Michael Denis na Ignaz Schiffermüller, mapadri wa shirika la Wajesuiti, lililokuwa limevunjwa miaka miwili kabla yake, yaani mwaka 1773. Denis alikuwa mshairi. Schiffermüller alikuwa amekwisha kutoa kitabu juu ya mpango wa rangi mwaka 1772. Lakini kazi yao ilikuwa ualimu, kama ilivyo kazi yetu. Basi twaomba ruhusa ya wasomaji tukipime kitabu chao, na pamoja nacho njia zilizotangulia na zilizofuata, kwa kipimo kimoja tu, nacho ni nondo wa milima mirefu.

Huenda mtu akauliza, Kwa nini nondo wa milimani, wala si nondo wa bondeni walio wengi zaidi? Jibu letu ni kwamba bondeni njia mbovu ya kuwapanga viumbe yaweza kupita miaka mingi bila kujulikana ubovu wake. Nondo wa bondeni huja taani kwa hiari yake, jike na dume. Kiwavi wake hukua mbele ya macho yetu kwa majuma machache. Na akikosewa jina leo, kesho ataonekana tena na kosa litasahihishwa. Mlimani sivyo. Huko kiumbe hujificha, hukawia, na hubadili desturi zote tulizozitazamia kwake. Kwa hiyo mlima ni kama mtihani wa mwisho wa mwaka: aliyejifunza nusu ya somo hugunduliwa hapo.

Na neno tunalotaka kulithibitisha ni hili: jina la kiumbe likitolewa kwa kutazama sehemu moja tu ya maisha yake, jina hilo lina deni ndani yake, na mwenye kulilipa deni hilo si mtaalamu aliyelitoa, ni kiumbe mwenyewe.

Kwanza na tuwatazame hao nondo jinsi wanavyoishi. Milima ya Alps imetanda kutoka Ufaransa, ikapita Uswisi na Italia, hata Austria na Slovenia. Ukipanda, mahali pengi karibu na meta 2,000 miti hukoma. Juu yake ni majani mafupi, mawe, na maua yaliyolala chini kwa kuogopa upepo. Theluji huyeyuka mwezi wa Juni au Julai, na mwezi wa Septemba yaweza kurudi. Basi mdudu wa huko ana miezi miwili au mitatu tu ya kula, kukua, kuoa na kutaga. Hata katika miezi hiyo usiku una baridi kali, na nondo hawezi kuruka mpaka mwili wake upate joto.

Mambo matatu yamefuata kutokana na shida hiyo. La kwanza, nondo wengi wa huko wameuacha usiku wakawa watu wa mchana. Wako nondo wadogo weusi wa jenasi iitwayo Glacies, neno la Kilatini maana yake barafu. Jua likiwaka utawaona wakiruka chini chini juu ya majani. Weusi wao wawafaa, kwa kuwa rangi nyeusi hulivuta joto la jua upesi. Wingu likilifunika jua, mara hiyo huanguka majanini wasionekane tena hata mmoja, na mtu aliyekuja na wavu wake hana la kufanya ila kuketi juu ya jiwe na kungoja.

La pili, wengi hawana haraka ya kukua. Kiwavi ambaye ndugu yake wa bondeni hutimiza maisha yake kwa mwaka mmoja, yeye huchukua miaka miwili au zaidi. Hula kiangazi kimoja, kisha hulala chini ya theluji, ambayo kwake si adui bali ni blanketi, maana huko juu baridi iliyo wazi huua kuliko theluji iliyofunika. Kiangazi kifuatacho huamka akaendelea kula.

La tatu ni la ajabu kuliko yote. Katika jamaa kadhaa za nondo hao, dume ana mabawa kamili, lakini jike hana ila vipande vifupi visivyoweza kumwinua. Hawezi kuruka, hutembea kwa miguu kati ya mawe na majani akiwa na tumbo lililojaa mayai. Wataalamu hufikiri kwamba mahali penye upepo na baridi mabawa ni mzigo wa gharama, na chakula ambacho kingejenga mabawa na nguvu za kuruka ni afadhali kijenge mayai. Msomaji alishike neno hili la jike atembeaye, kwa maana tutalirudia, na juu yake hukumu yetu yote itasimama.

Sasa tuje kwenye majina. Desturi ya sasa yote yaanzia kwa Carl Linnaeus, Mswidi, na chapa ya kumi ya kitabu chake Systema Naturae, ya mwaka 1758. Majina ya wanyama huhesabiwa tangu kitabu hicho. Linnaeus aliwagawa wadudu wenye mabawa ya magamba katika mafungu matatu makubwa. Vipepeo wa mchana aliwaita Papilio, nondo wenye vipapasio vinene aliwaita Sphinx, na nondo wengine wote aliwaita Phalaena. Hawa Phalaena akawagawa tena kwa vipapasio vyao na jinsi wanavyokunja mabawa, akaweka na kanuni nzuri ya miisho ya majina: nondo ambao viwavi wao hupima njia kama mtu apimaye kitambaa kwa shubiri, majina yao yaishe kwa -aria ama -ata, wale ambao viwavi wao hukunja majani, kwa -ana, wale wadogo wa jamaa ya nondo wa nguo, kwa -ella, na kadhalika. Hata leo mtu akisikia jina tu ajua mara moja ni wa fungu gani. Sisi tulio watoto wa lugha ya ngeli twaweza kuipenda kanuni hiyo, kwa kuwa ni kama kiambishi kinachotangulia kutuambia jambo kabla ya neno lenyewe.

Tunaisifu kazi hiyo, maana pasipo utaratibu hapana elimu. Walakini Linnaeus alijengea zaidi juu ya mabawa na vipapasio, na wahenga wetu wamesema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tazama mfano mmoja. Mwaka 1792 Sigismund von Hohenwarth, padri wa Austria, katika kitabu alichokitoa pamoja na Joseph Reiner juu ya safari zao katika Alps za Carinthia, alimpa jina nondo mmoja mwenye madoa mekundu ambaye hukaa juu ya mpaka wa miti. Alimwita Sphinx exulans. Neno exulans maana yake ni aliye uhamishoni, mbali na kwao. Jina hilo la pili ni zuri: twamwona yule padri akikuta katika majani ya barafuni mdudu mwekundu ambaye ndugu zake wote wako bondeni kwenye joto, akamhurumia kama mtu aliyefukuzwa nchini mwake. Lakini jina la kwanza lina kosa. Vipapasio vya nondo huyu ni vinene, na kwa kanuni ya vipapasio aliingizwa katika Sphinx pamoja na wale nondo wakubwa warukao kwa kasi kama ndege, ambao si ndugu zake wa karibu hata kidogo. Leo yumo katika jenasi Zygaena, iliyoanzishwa na Fabricius mwaka ule ule 1775.

Laiti mtu angalimtazama kiwavi wake asingalidanganyika. Kiwavi wa Sphinx wa kweli kwa kawaida ana pembe nyuma. Kiwavi wa exulans ni mfupi, mnene, mzito wa mwendo, hana pembe. Tena ana sumu ndani yake, ambayo huwa nayo mpaka anapokuwa nondo, na madoa yake mekundu ni onyo kwa ndege. Wasomaji wetu waijua sumu hiyo ingawa hawamjui nondo, maana ni ile ile iliyomo katika muhogo mchungu, ambayo mama zetu huitoa kwa kuloweka na kuanika. Viumbe viwili visivyo na udugu, mmea wa shambani kwetu na mdudu wa barafuni kwao, vimejikinga kwa silaha moja.

Hapo ndipo tunapowaona walimu wawili wa Vienna jinsi walivyowatangulia wenzao. Wao walisema kwamba kiwavi naye lazima aulizwe. Walipoyapanga mafungu yao walitumia alama za viwavi, kama wana nywele au hawana, wana umbo gani, wanakula nini. Na nondo wengi waliwapa majina kutokana na chakula cha viwavi wao. Nondo mkubwa kuliko wote wa Ulaya walimwita pyri, yaani wa mpeasi. Wengine waliwaita spini, ligustri na berberata, kila mmoja kwa mti wake, na huyo wa mwisho akiishia kwa -ata kama Linnaeus alivyoagiza. Mtoto wa shule akijifunza majina hayo ajifunza na mahali pa kumtafuta mdudu. Hili ndilo tunaloliita jina la kialimu: lamfundisha asikiaye. Lilinganishe na jina alpinata, ambalo Scopoli alimpa mmoja wa nondo wale weusi mwaka 1763. Maana yake ni wa Alps, basi. Ni kama kumwita mtu Mtu wa Barani: si uongo, lakini hutamkuta kwa jina hilo.

Lakini sifa isitufumbe macho. Kitabu cha Vienna kina makosa mawili, na yote mawili ni makosa ya walimu, kwa hiyo yatupasa sisi kuyajua. La kwanza ni kwamba kilitaja aina zaidi ya 1,000, na nyingi kati ya hizo kilizieleza kwa mstari mmoja au miwili tu, nyingine pasipo maelezo kabisa. Waandishi waliutegemea mkusanyo wao wa wadudu: mwenye shaka na aje atazame. Mwaka 1848, wakati wa mapinduzi mjini Vienna, moto ulilishika jumba la Hofburg, na mkusanyo ule ukateketea. Tangu siku hiyo majina mengi yakabaki bila mwili, na wataalamu wamebishana kwa vizazi vingi, Jina hili ni la nondo yupi? Mwalimu aliyejua somo lake moyoni asiliandike, akifa amekufa nalo.

Kosa la pili halionekani upesi, na kwa habari ya milima ndilo kubwa zaidi. Njia yao ni njia ya mtu aliyekaa mjini, akaleta viwavi nyumbani, akawalisha sandukuni mpaka wakawa nondo. Kwa nondo wa bustani hapana njia bora kuliko hiyo. Lakini kiwavi alalaye chini ya theluji mara mbili au tatu, nani atamlea sandukuni? Tena kuwataja kwa mti wao kwawezekana tu pale ambapo kiwavi ana mti mmoja. Ndugu wengi wa exulans hula mimea ya jamii ya kunde tu. Yeye exulans, kwa kuwa huko juu chakula ni haba, hula mimea ya namna nyingi. Ungalimpa jina la mmea upi? Kanuni nzuri ya bondeni yavunjika mlimani, si kwa sababu ni ya uongo, bali kwa sababu waliyemwuliza ni kiumbe wa mahali pamoja wakadhani amejibu kwa niaba ya wote.

Baada yao walifuata watu wa wavu na taa. Walikusanya kwa bidii, wakajaza masanduku ya majumba ya makumbusho ya Ulaya, na tunawiwa nao sana. Walakini tafakari nani aingiaye wavuni na nani ajaye taani: ni yule mwenye mabawa. Jike atembeaye kati ya mawe hakuja. Asiyekuwapo na lake halipo. Sanduku likajaa madume, na elimu ikaandikwa kwa ushuhuda wa madume peke yao, kama historia ya mji iliyoandikwa na mtu aliyeketi barazani asiingie ndani hata siku moja.

Matokeo yake yaonekana vizuri katika jenasi moja ya nondo wadogo, wa kijivu, wasio na uzuri wa kumvuta mtu, iitwayo Sattleria. Hukaa katika milima ya Ulaya, wengine juu ya meta 3,000, na majike yao ni hao wasioruka. Mtu wa kwanza kumpa jina mmoja wao alikuwa Nowicki wa Poland, mwaka 1864, aliyemwita dzieduszyckii kwa heshima ya Dzieduszycki, mwenye jumba la makumbusho mjini Lwów. Kwa muda mrefu nondo wa namna hiyo kutoka vilele mbalimbali walihesabiwa kuwa aina chache tu, kwa kuwa mabawa ya madume yamefanana mno. Mwaka 1965 Povolný aliwatengea jenasi yao. Mwaka 1991 Pitkin na Klaus Sattler, ambaye jenasi yaitwa kwa jina lake, waliwachunguza upya kwa kutazama viungo vya uzazi kwa darubini, wakaona kwamba chini ya mavazi yanayofanana wamo watu mbalimbali. Na mwaka 2011 Peter Huemer wa Innsbruck na Paul Hebert wa Kanada waliongeza aina mpya nyingine, baada ya kutumia njia ambayo Hebert aliipendekeza mwaka 2003.

Njia hiyo yahitaji maneno machache. Katika kila seli ya mwili kuna maandiko ya urithi ambayo wataalamu huyaita DNA. Hebert alichagua kipande kimoja kifupi cha maandiko hayo, chenye herufi yapata 650, akasema kitumike kwa kila mnyama kama ile alama ya mistari ibandikwayo kwenye bidhaa dukani: ukiisoma, wajua bidhaa ni ipi. Mguu mmoja wa nondo watosha. Kwa nondo wa Sattleria kipande hicho kilionyesha kwamba watu wa milima mbalimbali wametengana zamani sana. Na si ajabu. Katika zama za barafu, ambazo kilele chake cha mwisho kilikuwa yapata miaka 20,000 iliyopita, Alps karibu zote zilifunikwa. Viumbe vidogo vilisalia kando kando au juu ya vilele vilivyochomoza kama visiwa katika bahari nyeupe. Mahali ambapo mama hawezi kuruka, kilele ni kisiwa kweli, na mabonde yaliyo kati ni bahari asiyoweza kuivuka hata barafu ikiisha kuyeyuka.

Je, sasa tumefika? Wako wasemao kwamba ndiyo. Kwamba mabishano ya mabawa, ya viwavi na ya vipapasio yamekwisha, na mashine itatuambia yote. Hapa twataka kusema kwa adabu lakini kwa nguvu kwamba sivyo. Kipande kile cha Hebert kimetoka katika sehemu ya seli iitwayo mitokondria, na urithi wa mitokondria kwa kawaida hutoka kwa mama peke yake. Sasa lirudie lile neno la jike atembeaye. Yeye hakai mbali na alipozaliwa. Kwa hiyo alama iliyorithiwa kwake yeye tu itaonyesha mpaka mkali kati ya mlima na mlima. Lakini dume ana mabawa. Huenda alivuka bonde mara moja katika miaka mingi, akaoa ugenini, akaacha urithi wake katika maandiko mengine ya seli. Na alama ya mitokondria haitamtaja kabisa. Wazee wa taa waliwasikiliza baba wakawasahau mama, wakaona aina moja mahali palipokuwa na nyingi. Msomaji wa alama moja huweza kuwasikiliza mama akawasahau baba, akaona aina nyingi mahali palipo na moja. Makosa ni mawili yaliyoelekeana, na mzizi wao ni mmoja: kuuliza nusu ya nyumba.

Twafurahi kusema kwamba Huemer na Hebert wenyewe hawakuanguka katika shimo hilo, kwa kuwa hawakuitumia alama peke yake. Waliiweka pamoja na umbo la mdudu na viungo vyake, kisha wakahukumu. Huo ndio mfano tunaousifu. Si njia mpya iliyoshinda njia za kale. Ni mashahidi wengi waliosimamishwa mbele ya hakimu mmoja mvumilivu.

Labda atatokea msomaji atakayesema, Haya yote yamfaa nini mtu? Nondo wa kijivu asiyeonekana, awe na jina moja au kumi, nani amepata hasara? Hili ndilo jambo lililotufanya tushike kalamu. Tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya Alps imepata joto la kama digrii 2 zaidi, na hilo ni kama mara mbili ya wastani wa dunia. Joto likipanda, mimea ya barafuni hurudi nyuma kuelekea kileleni, na kiumbe aitegemeaye huifuata. Nondo mwenye mabawa aweza kutafuta mlima mwingine ulio mrefu zaidi. Yule ambaye jike wake hutembea kwa miguu hana njia ila moja, kupanda. Na akifika kileleni hapana pa kupanda tena.

Basi fikiri hukumu ya jina. Ikiwa kitabu chasema, Aina hii moja yapatikana katika Alps zote, msomaji atastarehe: ikitoweka katika mlima mmoja, imebaki kwingine kwingi. Ikiwa kweli ni aina nyingi, kila moja ina mlima wake, basi siku mlima mmoja ulipopoteza nondo wake dunia nzima imempoteza, na kitabu hakikuandika msiba wowote. Hata serikali ikitunga sheria njema za kuhifadhi viumbe, sheria hulinda kilichoandikwa. Kisichokuwa na jina hakina mlango wa kubisha. Lakini pia mtu akiyazidisha majina pasipo haki, akaita kila bonde aina mpya, mwisho watunga sheria watachoka wasiamini jina lolote. Kwa hiyo kosa la upande huu na kosa la upande ule yote mawili hulipwa na yule mdudu. Ndiyo maana tulisema mwanzo kwamba jina laweza kuwa na deni.

Na jambo hili si la Ulaya tu. Hapa Afrika Mashariki tuna visiwa vyetu vya baridi: Kilimanjaro, Meru, Kenya, Elgon, Ruwenzori, kila mmoja umezungukwa na nchi ya joto kama kisiwa na bahari. Huko juu, majira hayafuati miezi kama Alps. Mchana ni kama kiangazi na usiku ni barafu, mwaka mzima. Mimea mikubwa ya Dendrosenecio imekwisha kututolea ushahidi: ile ya Kilimanjaro si ile ya mlima Kenya. Msafara wa Waswidi ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulizunguka Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, na habari za wadudu wake zikachapwa Stockholm kufikia mwaka 1910. Ilikuwa kazi njema. Lakini msafara huja ukaondoka. Mwalimu wa chini ya mlima hubaki, naye huona majira yote. Kiwavi ambaye mgeni hawezi kumngoja, mtoto wa shule aweza kumwona kila akipita njiani.

Kitabu cha Mwanzo chasema kwamba viumbe vililetwa mbele ya Adamu ili avipe majina. Twaona kwamba vililetwa vikiwa hai. Hakuletewa bawa, wala mguu, wala pini iliyochomwa ndani ya sanduku. Hatuwezi sote kupata darubini na mashine za kusoma urithi, wala hatuwadharau walio nazo, maana kazi yao ni ya lazima. Lakini mwanafunzi akileta nondo darasani na kuuliza, Mwalimu, huyu anaitwaje? twaweza kumwambia asubiri kidogo, kwanza tuandike: amepatikana wapi, juu kiasi gani, saa ngapi, alikuwa akifanya nini, ni dume au jike, kiwavi wake amekula jani gani. Habari hizo zikiandikwa kwa ukweli, aliye na mashine atakuja siku moja azitafute, naye hatakuwa na njia nyingine ya kuzipata.

Hii ndiyo hukumu yetu juu ya kitabu cha mwaka 1775. Maelezo yake ni mafupi mno, mkusanyo wake umeungua, na milima iliwashinda waandishi wake. Hata hivyo twakiweka juu ya vingi vilivyokuja baadaye vikiwa na picha nzuri zaidi, kwa sababu walimu wale wawili, ambao hawakujali kuandika majina yao wenyewe, walijali kuuliza kiwavi anakula nini.